Kilomita za Tusekile

Sheria ya Uzito inamtaka mzazi akimbie kilomita moja kila asubuhi kwa kila kilo ambayo mtoto wake amezidisha. Binti yangu Tusekile, mwenye miaka tisa, alizidisha kilo kumi na mbili, nami nilizikimbia zote katika baridi ya Makete, umande ukiwa umeganda majanini. Nilikohoa, lakini sikulalamika. Shule ya bweni ilinifundisha kuamka kwa kengele na kumaliza nilichoanza.

Kufikia Julai Tusekile alikuwa amepungua, zikabaki kilomita mbili kwa siku. Bwana Afya alinipa mkono mbele ya wazazi wenzangu.

"Mzee Sanga, wewe ni mfano."

Niliona fahari, wala sikuificha.

Jioni hiyo nilikuta viazi vya siku tatu chini ya kitanda cha Tusekile, vimefichwa ndani ya soksi zangu za kukimbilia.

"Kwa nini huli, mwanangu?"

"Nikila, baba, wewe unakohoa."

Nilimwekea sahani na kumwamuru ale. Alichukua kiazi kimoja, akakipima kiganjani.

"Hiki ni mita ngapi?"

Kabla sijajizuia, nilikwisha kuanza kukokotoa.