Paa Jeupe la Oslo

Mwanangu Kaloki alikuwa ananitembeza Oslo kwa video ya simu, nami niko jikoni kwangu kijijini Muthetheni nachagua maharagwe. Anasomea uchoraji wa ramani za majumba huko. Alinionyesha majengo ya vioo yaliyojipanga kando ya bahari, akanieleza kwa nini hili limeinama na lile limesimama wima. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Kisha nikaona viatu vyake. Alikuwa anakanyaga mawe meupe, na mawe yenyewe yalikuwa yanapanda.

"Hapo ni wapi?"

"Ni paa la jumba la muziki, mwaitu," akajibu, akiniita mama kwa Kikamba.

"Shuka."

"Lakini hapa watu huwa..."

"Nimesema shuka, Kaloki."

Baba yake alikuwa fundi wa mabati. Alianguka kutoka paa la kanisa letu, akafa. Tangu siku hiyo mtoto huyu hakuwahi kupanda hata ngazi ya ghala la mahindi.

Hakunibishia. Aligeuza simu polepole, nikaona bibi mmoja mwenye mvi kunishinda akishuka kwa mkongojo kwenye paa lilelile, lililoteremka taratibu hadi ardhini, analamba aiskrimu. Nyuma yake mwanamke alikuwa anasukuma mtoto kwenye kigari.

Nilikuwa nimefumbata maharagwe mpaka kiganja kinauma. Nikafungua mkono, yakaanguka kwenye ungo.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Nilipoanza, ndio. Sasa hapana."

"Basi endelea, unifikishe juu kabisa. Nataka kuona kile baba yako alikuwa anaona."