Zawadi ya Bibi Ndeshimuni

Siku hizi bangili ya afya ya mstaafu hupeleka habari kwenye kiwanda alichofanyia kazi, na mashine hukadiria papo hapo kitamlipa pensheni miaka mingapi kabla hajafa. Juzi, akitimiza miaka themanini, bibi yangu Ndeshimuni alicheza mpaka majirani wakapiga vigelegele. Bangili ikalia.

“Nimefika wapi?” akaniuliza, maana mimi ndiye mhasibu wa pensheni pale kiwandani, na makadirio hunifikia kwenye simu.

“Utafika mia na nne, bibi!”

“Watanikoma!”

Tulicheka mpaka machozi. Ndipo zawadi ya kiwanda ikaletwa: pikipiki nyekundu, mpya, yenye mbio za ajabu. Bibi akapanda hapo hapo, akadai ufunguo. Nikapekua boksi lote iliyokuja nalo nikitafuta helmeti. Haikuwemo.