Ruhusa ya Kupangusa

Kwa sababu ya mvua, chama chetu cha gofu kiliruhusu mpira uokotwe, upanguswe na kuwekwa upya. Mimi nilipinga: mpira huchezwa ulipolala.

"Ukaidi haukupi kikombe, wifi," alinicheka dada wa mume wangu. Lilikuwa limebaki shimo moja, nasi tulikuwa sare.

Mpira mmoja ulilala kwenye nyasi fupi, umegubikwa na tope. Wa pili ulikuwa umepotelea kichakani.

"Huu ni wangu. Wako katafute huko!"

Akauokota, akaupangusa kwa upindo wa sketi, kwa madaha.

Tope likabanduka. Kikajitokeza kitone chekundu nilichokichora asubuhi kwa rangi yangu ya kucha.

Alikifunika upesi kwa kidole gumba.

"Endelea kupangusa, wifi," nikamwambia.