Mpini wa Pampu

Rashidah alifungua boliti ya mwisho, akaitupa spana nyasini, akauchomoa mpini wa pampu, akaketi nao mapajani. Mikono yake ilikuwa bado na udongo. Asubuhi nzima alikuwa akizibua mfereji wa kisima peke yake, kama Jumamosi iliyopita, na ile ya kabla yake.

Kamati ya maji ya Wanyange ilikubaliana hivi: watu wasipotoka kufanya kazi, siku hiyo hakuna maji. Mtunza pampu ni yeye. Basi leo hakuna maji.

Adhana ya adhuhuri ilipoisha, Hajati, bibi kizee wa nyumba ya pili, alifika polepole na birika lake.

“Mwanangu, nipe ya kutawadha tu.”

“Sheria ni ya wote, Hajati. Ulikuwepo mkutanoni.”

“Nilikuwepo. Hata mkono niliunyoosha.”

Hajati hakubishana. Aliweka birika chini, akautazama udongo uliorundikwa kando ya mfereji, ambao jua lilikuwa limeshaukausha.

“Huu umeuchimba wewe?”

“Mimi.”

“Basi ni safi.”

Akainama kwa shida, akapiga viganja juu ya ule udongo, akavipuliza, akajipangusa uso, kisha mikono, kama afanyavyo Mwislamu aliyekosa maji kabisa. Vumbi likabaki kwenye mikunjo ya mashavu yake.

“Allah akulipe kwa kazi yako,” alisema, akageuka kwenda kuswali.

Rashidah aliutazama mpini uliokuwa mapajani. Kisha akaanza kupapasa nyasini, kule alikoitupa spana.