Bunduki Ambayo Haikuwahi Kuanguka

Tik. Tik. Tik.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Saud alitoka chumbani kwake akamkuta mama yake, Bibi Mwanaheri, amekaa sebuleni gizani na bunduki ya marehemu mumewe mapajani. Alikuwa akiugonga ubao wake kwa pete, kisha anainamisha sikio kusikiliza.

"Mama, tena?"

"Sijapata usingizi."

"N'shakwambia ni hii hii. Nimeishika kwa mkono wangu toka harusini mpaka hapa."

"Toka harusini, ndiyo. Lakini kabla ya hapo zote ziliegemezwa ukutani, nanyi mkenda kula."

Saud alishusha pumzi. Maneno hayo yalianza tangu juzi, siku ya harusi. Baada ya razha, ile ngoma ambayo wanaume hurusha bunduki juu na kuzidaka, wageni wa kutoka Ashkhara nao waliweka zao pale pale ukutani, za Kiingereza kama hii, za zama zile zile. Walipomaliza kula, kila mtu akachukua yake, au aliyodhani ni yake. Namba ya bunduki ya baba yake, Mzee Maftah, hakuna aliyeikumbuka. Karatasi zake zilikwenda na maji mwaka ule wadi, lile bonde la mto, ilipofurika ikaingia nyumbani. Na wageni walikuwa wanaondoka leo, wakishakunywa chai.

Hasira zilikuwa zimempanda Saud, lakini alimletea kwanza mama yake mto wa kuegemea mgongo. Ndipo akapiga simu.

Adham, fundi wa bunduki za kale kutoka Nizwa, alikuwa bado yupo hapo mjini Ibra. Alifika jua linachomoza, akavua viatu, akaamkia shikamoo, akatandika kitambaa juu ya zulia la Bibi ili mafuta yasilichafue. Bibi aliliona hilo, akammiminia kahawa yeye mwenyewe.

"Nina haraka kidogo, Bibi. Nikitoka hapa nakwenda kwa hao wageni wa Ashkhara, wanataka bunduki zao nizisafishe moshi kabla ya safari."

"Wewe tuambie tu kama ni yenyewe," alisema Saud. "Baba alijivunia bunduki hii kuliko alivyonijivunia mimi. Razha zote alizocheza, wallahi, haijamponyoka hata mara moja. Haijagusa ardhi. Haijabadilishwa kitu, yote ya kiwandani. Wanangu wanaijua habari hiyo kwa moyo. Ukikuta kipande kigeni, basi si yake."

Bibi Mwanaheri alitazama kikombe chake.

Adham akaitoa boliti, lile komeo la chuma la kusukumia risasi, akatia kioo cha kukuzia jichoni, akalinganisha namba yake na namba ya mwili wa bunduki.

"Zinalingana."

"Na kitako?" Bibi aliuliza. "Hakikubadilishwa?"

"Cha asili, Bibi. Muhuri wa kiwanda huu hapa. Usiwe na wasiwasi."

"Na ncha yake ya kulengea shabaha?"

"Ya asili."

"Tazama vizuri, mwanangu."

"Mama!" Saud aliruka. "Mtu ana macho na kioo juu yake, unataka atazame kwa kitu gani tena? Jamaa washaanza kupakia gari."

"Wapakie. Gari si mkate, haliungui."

Adham alicheka peke yake.

"Na chini ya ubao wa mbele?" Bibi akasema. "Ndani?"

Fundi alisita. Skrubu za kale hukatika ukizilazimisha, na asubuhi ilikuwa inakwenda. Saud akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Mama, unataka nini hasa? Unataka ikutwe mbovu?"

Bibi alimtazama Adham tu, na Adham, kwa kuwa naye alikuwa na mama, akachukua bisibisi. Alizilegeza skrubu taratibu, moja baada ya moja, akauvua ubao, akaupindua, akamulika ndani kwa simu yake toka mwanzo hadi mwisho. Bibi alikuwa ameushika upindo wa mtandio wake.

"Safi," alisema Adham. "Hauna ufa, hauna hata mkwaruzo. Na skrubu ni zile zile za kiwandani. Bibi, nimefungua bunduki nyingi mimi, lakini nzima namna hii ni chache."

"Tazama tena."

"Nimetazama, Bibi. Haijaguswa."

"Alhamdulillahi!" Saud akambusu mama yake kichwani. "Khalas? Umeridhika sasa?" Akatoka nje kuwapigia simu wageni, kuwaambia waende salama, hapana cha kubadilishana.

Machozi yalimlengalenga Bibi. Adham alidhani ni ya furaha, akageuza uso kwa adabu na kuanza kuifunga bunduki. Alipomaliza, Bibi alimfungia tende na halwa, akajikongoja kumsindikiza mpaka mlangoni. Pale akachungulia uani. Saud alikuwa amewapa mgongo, simu sikioni, anacheka na mtu.

Bibi akamshika fundi mkono wa kanzu, akamvuta karibu.

"Huko unakokwenda, vua ubao wa kila moja," alinong'ona. "Utakaoukuta una ufa ndani, umebanwa kwa skrubu ya cherehani yangu, huo ndio wa Maftah. Saud asijue, wala wajukuu. Kisha njoo tena kunitazama, mwanangu."