Fimbo Ukutani

Fimbo iligonga ukutani, ko, ko-ko, na Vestina akazibana nyuzi za gitaa kwa kiganja.

"Nimeacha, Baba."

Upande wa pili wa ukuta Mzee Nduwayezu alikohoa tu.

Gitaa lilikuwa la umeme, jekundu, limebanduka rangi shingoni. Alilinunua kambini Nyarugusu kwa mkimbizi Mkongo aliyepata safari ya Marekani, akalipakata kwenye bodaboda hadi Kibondo. Majirani walicheka: gitaa la umeme kwenye nyumba isiyo na umeme! Wacheke wapendavyo. Lisipochomekwa lilitoa sauti ndogo kama ya panzi, na hiyo ndiyo aliyoitaka. Baba yake hakuupenda muziki. Redio yake ilikuwa ya taarifa ya habari. Wimbo ukianza tu, anaizima. "Kelele hizo," husema.

Basi kila alasiri, akishatoka shambani na mgongo wake unaouma, akishampa mzee ugali wa muhogo na kumkanda miguu, Vestina alijifungia chumbani akatunga nyimbo kwa kunong'ona. Alipofika pazuri tu, fimbo hiyo. Akipunguza sauti, inagonga tena. Anaacha. Hakuna wimbo hata mmoja aliowahi kuumaliza, na alikuwa amechoka, wala si kwa jembe peke yake.

Jumamosi Benedicto, mwalimu wa kwaya, alimletea spika ya betri.

"Kesho tunausikia wimbo wako, dada. Ukishindwa, hilo gitaa utuuzie sisi. Hapa linaoza bure."

Alipoondoka, Vestina alilitazama gitaa kwa muda mrefu. Kuliuza asingeweza, na kuendelea kujificha alikuwa hawezi tena. Mficha uchi hazai, alijisemea, akachomeka waya.

Nyuzi zikanguruma, bati likatetemeka. Akaimba kwa sauti yake yote, kwa hasira kidogo, huku machozi yakimtoka. Ukuta haukugongwa. Badala yake akaisikia fimbo sakafuni, inakuja.

Mlango ukasukumwa. Mzee, ambaye tangu masika hajavuka kizingiti bila kushikwa mkono, alisimama pale akihema. Vestina akainamisha kichwa. Kama ni kulitupa nje, na alitupe, maana yeye nguvu za kubishana hana.

Mzee akainama, akauchomoa waya. Kisha akajishusha polepole kitandani, karibu naye.

"Nong'ona kama siku zote, mwananje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Kwetu Burundi inanga yangu ya nyuzi niliipiga hivyohivyo, nikiimba kwa kunong'ona."

Akaishika fimbo sawasawa.

"Haya, anza. Na leo nikikugongea mapigo kama kule ukutani, usiniache njiani tena."