Mstari Uliopita Uani

Dobi wa hospitali alipiga ngumi mezani mpaka kikombe cha afisa ramani kikaruka.

"Nani kawaambia nyumba yangu ni barabara?"

Alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya mipango tangu mlango ufunguliwe, hasira zikimchemka. Juzi alirudi kazini akakuta ukuta wake umechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na chini yake maneno matatu: NJIA YA BAISKELI. Nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali, kwa miaka kumi na tisa ya kufua mashuka yenye damu za watu asiowajua. Leo waje wajanja na kopo la rangi!

"Tulia kidogo, mama. Kaa nikuonyeshe."

"Sikai! Nina mgonjwa ndani mimi. Mume wangu huu mwaka wa tatu hajakanyaga chini. Mkibomoa nimpeleke wapi? Nimtundike mtini?"

Tangu mumewe alipoteleza kwenye ngazi akipaka dari rangi, kiuno kilikuwa kimekataa katakata. Picha za hospitali hazikuonyesha kitu, lakini yeye alihitaji picha za nini? Alimsikia akiugulia kila alipomgeuza. Kila alfajiri alimwogesha, akamlisha, akamkanda miguu kwa mafuta ya moto, ndipo akaenda kazini. Akirudi saa nane alimkuta hoi kitandani, ametota kwa jasho, sufuria la chakula cha mchana limekombwa. Wenzake kazini wakisema wagonjwa wa kitandani hunyauka miguu, yeye alijibu kwa maringo kwamba wake mashavu ya miguu yamejaa tele, na hiyo ni kazi ya mikono yake.

Habari za X hakumwambia, asije akapata mshtuko bure. Asubuhi hii alimuaga kama siku zote, akamwambia anakwenda kazini.

Afisa aliigeuza kompyuta imwelekee. Alikuwa mtu mzima mwenye upara, naye mwenyewe alionekana mgonjwa wa baiskeli: suruali yake ilikuwa bado imebanwa kifundoni isiingie kwenye mnyororo.

"Hiki ndicho kisiwa chetu. Kilomita arobaini na mbili za raha tupu. Unatoka bandarini, unafuata mchanga mweupe, unapanda mlima wa mnara wa taa, unashuka na upepo mpaka ghubani. Bahari iko ubavuni muda wote. Wageni watamiminika!"

"Wamiminike kwenu."

"Wala hatukuichora sisi, mama. Waendesha baiskeli wanarekodi safari zao kwa simu, kompyuta inazikusanya. Panapopitwa sana, mstari unanenepa."

Mstari mnene kuliko yote uliingia kwake kwa mlango wa mbele, ukakata nyumba, ukatokea uani upande wa bahari.

"Uongo mtupu! Hakuna baiskeli inayopita kwangu. Nimewauliza majirani mmoja mmoja."

Na kweli aliwauliza. Wawili walitazama chini, wa tatu akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Aliwaona waoga wa serikali, akawasonya wote.

"Safari mia saba na kumi na mbili," afisa alisoma.

"Za majambazi gani?"

Afisa alibofya, akabofya tena. Uso ukamwiva kwa haya.

"Aa! Hapa tumechemsha. Kompyuta imehesabu safari, haikuhesabu watu. Huyu ni mtu mmoja."

"Mmoja! Mtu mmoja ndiye anayenivunjia nyumba? Nitajie nikamtie adabu!"

"Jina lake hasa hatulijui, lakini klabu yetu nzima ya baiskeli tunamvulia kofia. Mlima wa mnara hajatokea wa kumpiku." Afisa alisogeza uso karibu na kioo. "Tena tazama, hapiti kwako. Anatokea uani, anakizunguka kisiwa, anarudi kwa mbele. Ncha mbili zimekutana, kompyuta ikadhani ni njia." Alichangamka, maana suluhisho lilikuwa limejileta lenyewe. "Basi kazi imekwisha, mama! Nikimfuta huyu mmoja, mstari unahamia barabarani na nyumba yako inapona. Sasa hivi, mbele ya macho yako."

Dobi hakushukuru. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza.

"Anaanzia wapi?"

"Chumba cha nyuma. Saa moja na nusu asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili."

Jumapili hospitali haikumwita kazini.

Kwenye kona ya ramani palikuwa na picha ndogo. Afisa aliikuza bila kuombwa, kwa fahari, kana kwamba ni ya ndugu yake. Mwanamume mwenye helmeti aliegemea baiskeli chini ya mnara wa taa, anacheka meno yote nje, miguu inang'aa mafuta. Ndiye yule yule mume ambaye dobi alimwogesha alfajiri ile.

Chini ya picha, kitone chekundu kilikuwa kikipanda mlima.

"Yuko njiani saa hizi," afisa alisema. "Zimembakia kilomita kumi na nane." Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Nimfute, mama?"

Dobi alimshika mkono, akauondoa pale taratibu.

"Uache mstari wako ulivyo," alisema. "Njooni mbomoe leo. Kabla hajafika."